Klachi ya gari la zamani lililoongezewa nguvu: ipi uitangulize, ipi uiache

Umebadilisha kamshafti, umefunga kabureta kubwa au turbo, na sasa ukikanyaga mafuta kwenye gia ya nne mshale wa mizunguko unapanda huku gari likibaki palepale. Klachi inateleza. Dukani utakutana na maboksi yameandikwa "stage 1", "stage 2", "stage 3". Usinunue kwa kufuata maandishi hayo. Hakuna kanuni inayoyasimamia, kila kampuni inajipangia yake. Kwa Exedy, stage 1 ni pleti (diski ya klachi inayosuguana) ya organiki, ile nyenzo laini ya kawaida ya kiwandani, na stage 2 ni ya vipande vya seramiki. Kwa wengine stage 2 bado ni organiki iliyofungwa na presha pleti ngumu, yaani kifuniko chenye spring kinachoibana pleti.

Kabla ya kuuliza bei, tafuta namba moja: torki ya injini yako. Watu wanajisifia farasi (horsepower), lakini klachi haijui farasi. Kinachoitelezesha ni nguvu ya kusokota. Ukijua kilowati na mizunguko yake, torki kwa Nm (newton mita) ni kilowati mara 9,549, ugawe kwa mizunguko kwa dakika. Injini inayotoa kW 150 kwenye mizunguko 7,500 inasokota Nm 191 hapo. Yenye turbo inayotoa kW 150 hizohizo kwenye mizunguko 5,000 inasokota Nm 286. Farasi ni walewale, klachi ni mbili tofauti kabisa. Torki hufikia kilele mapema kuliko farasi, kwa hiyo ukiwa na karatasi ya dyno (mashine ya kupima nguvu ya injini) chukua kilele chenyewe, na kama ilipimwa kwenye magurudumu ujue injini inatoa zaidi ya hapo.

Ongeza asilimia 20 hadi 30, kisha simama. Mwenye Nm 250 anatosheka na klachi ya Nm 300 hadi 325. Anayenunua ya Nm 600 "ili asihangaike baadaye" ataanza kuhangaika siku ya kwanza kwenye foleni.

Uwezo wa klachi unatokana na mambo manne tu: upana wa pleti, nguvu ya presha pleti kubana, msuguano wa nyenzo na idadi ya nyuso zinazosuguana. Kila klachi unayouziwa imeongeza moja au mawili kati ya hayo, na kila ongezeko linalipwa mahali fulani. Kwenye gari la zamani wanaolipa ni giaboksi iliyosanifiwa kwa injini ndogo, kebo ya klachi, pedali yenyewe, na washa za trasti, zinazoizuia krankishafti isisogee mbele na nyuma. Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na inayobana zaidi.

1. Klachi kubwa ya kiwandani kutoka gari la ukoo uleule

Hii ndiyo ya kwanza, na wauzaji wa vifaa vya mashindano hawakutajii mara nyingi. Injini nyingi za zamani zilifungwa kwenye magari kadhaa, na lile zito au lenye nguvu zaidi lilipewa klachi pana. Injini ya 4A-GE ya Toyota ina flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake) za klachi za mm 200 na za mm 212. Datsun 240Z ilitoka na ya mm 225, na wenye nazo huchukua ya mm 240 kutoka 280Z ya viti vinne. Kutoka mm 200 hadi 225 peke yake unapata kama asilimia 12 ya uwezo, presha ikiwa ileile, na eneo kubwa zaidi la kubeba joto. Pedali inabaki ya kibinadamu, gari linaondoka taratibu, na siku klachi ikichakaa unapata ya kubadilisha.

Tatizo ni vimo. Presha pleti za kimo tofauti zinataka kola ya rilizi beringi (beringi inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali) yenye urefu tofauti, na hapo ndipo wenye Datsun Z huumia: ukichanganya presha pleti ya gari moja na kola ya jingine, ama klachi haikati ama beringi inaikandamiza muda wote na inateleza ikiwa mpya. Wao wana kipimo cha mm 92 hivi, kutoka uso wa flaiwili hadi pale uma unapogusa kola. Gari lako litakuwa na namba yake. Pima presha pleti na kola za zamani kabla hujazitupa. Hesabu pia meno ya splaini na upime kipenyo cha inputi shafti (shafti ya giaboksi inayoingia katikati ya pleti), kwa sababu pleti inayoingia kwenye flaiwili si lazima iingie kwenye shafti.

2. Organiki yenye presha pleti ngumu kiasi

Kama hakuna klachi pana inayoingia, nenda hapa. Pleti ni ileile ya kawaida, ila presha pleti inabana zaidi. Inashika kwa ulaini na inasamehe dereva. Udhaifu wake ni joto: ukiisugua mfululizo, mara harufu, mara inaanza kuteleza, na ikishaungua hairudi.

Usivutwe na presha pleti ngumu kupita kiasi. Kila unapokanyaga pedali, nguvu hiyo inasukuma krankishafti kwenda mbele, na washa za trasti peke yake ndizo zinazoizuia. Kebo inavutika, na kwenye magari mengine ukuta ulioshika mabano ya pedali unapinda kwa jicho la kawaida: mwambie mtu akanyage huku wewe ukitazama chini ya boneti. Ukiona unacheza, imarisha ukuta kwanza. Na ukiwa na klachi ngumu, weka gari huru unaposubiri taa, usikae umeikanyaga.

3. Nusu organiki, nusu seramiki

Upande mmoja wa pleti una organiki, mwingine vipande vya seramiki au shaba. Inashika zaidi bila kuhitaji presha kubwa sana, kwa hiyo washa za trasti zinapona. Kuondoka kuna mshtuko kidogo, hasa ikiwa baridi. Kwa gari lenye turbo linaloendeshwa kila siku, mimi ningefikia hapa na nisivuke.

4. Kevlar

Inadumu, ina upole kwa flaiwili, na inashika kwa ulaini. Ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa na deko. Inahitaji muda mrefu wa kuzoeshwa, na ukiichemsha mapema inang'aa kama kioo na kuanza kuteleza. Kwa mtu mtulivu wa safari ndefu ni nzuri. Kwa anayependa kuondoka kwa kishindo kwenye taa, hapana.

5. Pleti mbili

Nyuso za kusuguana zinakuwa nne badala ya mbili, kwa hiyo uwezo unaongezeka maradufu kwa presha ileile, na pedali inaweza kuwa nyepesi kuliko ya klachi moja ngumu. Kiufundi ndiyo jibu safi zaidi kwa torki kubwa. Nimeishusha kwa sababu ni ghali, nyingi hugongagonga ukiikanyaga, na magari ya zamani machache yana seti iliyotengenezwa kwa ajili yao. Ukizidi Nm 500, isome upya nafasi hii kama ya kwanza.

6. Vipande sita vya seramiki, kati kuna spring

Inastahimili joto ambalo lingeiunguza organiki, na bei si mbaya. Lakini inashika kama swichi, imewaka au imezima. Kurudi nyuma kwenye mlima mfupi kunakuwa kazi, na uso wa flaiwili unalika haraka. Gari la wikendi, sawa.

7. Vipande vitatu au vinne, kati hakuna spring

Ya mashindano tu. Spring za katikati ndizo zinazomeza mitikisiko ya injini. Zikiondolewa, mitikisiko yote inaingia kwenye meno ya giaboksi ya miaka 40 ambayo vipuri vyake unavitafuta kwa tochi.

Flaiwili nyepesi huuzwa sambamba na hizi. Inafanya injini ipande mizunguko haraka, lakini haiongezi uwezo wa klachi hata kidogo, na injini yenye kamshafti kali itazimika ovyo unapoondoka. Ukiitaka, nunua ya chuma cha kromoli au ya alumini yenye uso wa chuma. Usimpe fundi wa lathi flaiwili yako ya chuma cha kumimina aipunguze uzito kwa kukisia: ikipasuka kwenye mizunguko ya juu, vipande vyake vinatoboa giaboksi na sakafu iliyo chini ya miguu yako.

Giaboksi ikishashuka, badilisha rilizi beringi, beringi ya ncha ya inputi shafti na sili ya nyuma ya krankishafti kwa pamoja. Tone la oili kwenye pleti mpya linaua organiki na Kevlar bila kuchagua. Flaiwili ichongwe uso, na kama ni ya ngazi, ngazi zote mbili zichongwe sawasawa ili kimo kisibadilike. Kisha endesha kilomita 500 hadi 800 za mjini, zenye kubadilisha gia mara nyingi, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Barabara kuu haihesabiki, maana huko klachi haifanyi kazi.