Baiskeli ya mtumba kutoka Japani: uzoefu wangu Lubumbashi

Daktari aliniambia wazi kwamba vidonge peke yake havitashusha tansio yangu ya damu, mwili lazima ufanye kazi. Magoti yangu hayavumilii kukimbia, basi nikanunua baiskeli ya mtumba ya Japani, zile zenye kikapu mbele, kwa dola 95. Nimeiendesha kiangazi chote na ninaipenda sana.

Kilichonivutia ni gia. Ziko tatu tu, lakini zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na cheni ina kifuniko. Vumbi letu jekundu, ambalo mwezi wa saba linaingia hadi kwenye sahani za kabatini, halizifikii. Jirani yangu mwenye gia za nje hashindi wiki bila kusugua cheni. Mimi natia mafuta kidogo, naondoka. Ukitaka kubadilisha gia, acha kukanyaga kidogo, sogeza, endelea.

Unakaa wima, mgongo hauumi, na kwa kuwa kiti ndicho kinabeba uzito, magoti hayanisumbui tena. Napita barabara ya Kasapa, upande wa Chuo Kikuu, alfajiri, saa ambayo wabeba makala ya kupikia wanaingia mjini, magunia yamefungwa nyuma ya baiskeli zao. Tunasalimiana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na nusu saa kwa siku tano inakufikisha. Pumzi imeongezeka, usingizi ni mzito, tansio imeteremka, ingawa vidonge bado nameza kama nilivyoandikiwa.

Kasoro zipo. Tairi ni nyembamba, zinateleza kwenye mchanga, na saizi yake, 26 kwa 1 3/8, ni ngumu kupata kuliko ya baiskeli za Phoenix za Kichina. Ukiiona, nunua ya akiba. Jambo zito zaidi ni breki: baiskeli za Japani kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Aliyezoea ya mbele iwe kushoto, akiikamata ghafla kwenye mteremko akidhani ni ya nyuma, anaweza kurushwa juu ya usukani. Fundi alipoiona tu akasema, "Papa, usitoke nayo hivi," akanigeuzia nyaya palepale.

Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma, lizungushe, jaribu gia zote tatu. Kitovu kikikwaruza, mwachie muuzaji baiskeli yake, maana vipuri vya ndani sijavipata popote mjini.