Vijana wa visiki wa Goba: wameng'oa mjohoro wangu, ila wana mambo yao

Kama una kisiki uani na kila fundi anayekuja anakwambia "mama we kijengee tu juu", subiri kidogo usome hii kwanza. Hawa vijana wapo Goba, Dar es Salaam, ukifika Njia Nne unawakuta wamekaa kivulini na chensoo zao (misumeno ya mashine) wanasubiri kazi, hawana ofisi wala bango, watu wanawaita tu vijana wa visiki. Naandika sababu kwenye magrupu yetu kila siku watu wanaulizia wa kukata miti, wa kung'oa visiki hakuna anayeulizia mpaka siku fundi pevingi, yule wa kupanga bloku za uani, kasimama getini na mchanga ushamwagwa, hapo ndo unaona simu zinaanza kupigwa.

Kisiki chenyewe kilikuwa cha mjohoro. Wanaoujua huu mti washaelewa. Mjohoro unaukata leo, mvua ikigusa tu unakuta vichipukizi vimezunguka kisiki chote, ndo maana watu wanaupanda kwa ajili ya kuni na nguzo, unavuna unaota tena wenyewe bila kupanda upya. Kwa kuni sawa, ila kwa uani unapotaka kupanga bloku ni mateso, maana vile vichipukizi vinanyanyua bloku moja moja mpaka uani panakuwa na milima. Na ukisema uuache ufe wenyewe chini ya pevingi ndo mbaya zaidi, kuni inaoza, panabaki tundu, siku moja gari linakanyaga na bloku zinazama. Bado sijataja mchwa. Kisiki kilichokufa ni chakula cha mchwa, wakimaliza pale wanatafuta pengine pa kula, na fremu za milango yako zipo hatua chache tu.

Sasa waliokata mti (sio hawa, ni wengine kabisa) waliukata usawa wa ardhi, wakafagia, wakapokea hela yao wakaondoka, kila mtu akasema kazi safi. Kiongozi wa hawa vijana, jamaa wa makamo hivi anaongea taratibu, alipofika akakiangalia kisiki akacheka, akasema "mama, hawa wamekukatia mpini wakakuachia jembe". Maana yake ni kwamba kama unajua kisiki kitang'olewa, waambie wakata miti waache shina refu, mita moja na nusu hivi au hata zaidi, ukilivuta kule juu linabinua mizizi lenyewe, nguvu kidogo inafanya kazi kubwa. Ukishalikata chini hamna pa kushika, kazi yote inahamia kwenye sururu. Kama mti wako bado umesimama basi hapo tu ushapata faida ya kusoma hii.

Kabla ya hawa nilisikiliza kila aina ya ushauri. Wa kwanza ulikuwa kuchoma. Hapana jamani, kisiki kibichi hakiungui, juu kinakuwa cheusi unadhani kimeisha kumbe ndani kimejaa maji. Kinachoungua ni kile kilichokauka kabisa, na hicho nacho ukitoboe kipate hewa, upange mkaa na vifuu, moto ukile polepole, na shida ni kwamba mizizi inaweza kuendelea kufuka huko chini wakati we ushaingia ndani kulala. Kwangu kisiki kipo karibu na ukuta wa jirani na bomba la plastiki la maji linapita hapo hapo, nikasema hapana. Kuna waliosema nimwagie oili chafu, hiyo ndo kabisa, udongo unaharibika na hakitoki.

Dawa nazo ni nyingi na kila mtu ana yake. Ya kuua magugu kama raundapu inafanya kazi ukiipaka pale pale mti ulipokatwa, kidonda kikiwa kibichi, ila inaua tu, maiti inabaki pale pale. Potasiamu naitreti unaitia kwenye matobo, inawapa ukungu chakula cha nitrojeni wakile kisiki haraka zaidi, lakini hiyo haraka yenyewe ni ya miezi, na kisiki lazima kiwe na unyevu muda wote. Chumvi ya jikoni msijaribu karibu na nyumba, inaharibu ardhi na ikifika kwenye zege inakula nondo.

Kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, kisingepita getini, na hata kingepita, karo la choo lipo katikati ya njia, kikilikanyaga mnaingia wote na dereva wake. Kampuni moja ya mjini yenye mashine ya kusaga visiki ilinitajia bei kwenye simu bila hata kuuliza kisiki ni cha mti gani, na bei yenyewe ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hawa vijana, halafu mashine inasaga kwenda chini kama futi moja tu, mizizi inabaki. Kwa bustani ingetosha kabisa. Kwa sehemu ya kupaki gari sikutaka.

Turudi kwa vijana wenyewe. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakuanza na shoka. Kiongozi alizunguka na mtaimbo anagonga gonga ardhi anasikiliza mzizi umeelekea wapi, huku ananiuliza bomba linapita wapi, karo lipo wapi, kuna waya wowote wa umeme umefukiwa? Mafundi wangapi wanauliza hayo kabla ya kuchimba? Wengi unawajua, wanauliza baada ya maji kuruka juu. Akaniambia pia jioni ya kuamkia kazi nimwagie maji ya kutosha kuzunguka kisiki, maana udongo wa kwetu juu ni kichanga lakini ukishuka kidogo ni mfinyanzi, ukikauka unakuwa mgumu sururu inaruka.

Hawakuchimba kwenye shina. Walichora duara kubwa, kama mita moja kutoka kisiki, wakachimba mtaro kuzunguka wote. Nikamuuliza mmoja mbona mnajiongezea kazi, akasema ukichimba karibu unakutana na mizizi minene kama paja na huna pa kurushia shoka, ukienda mbali kidogo mzizi ushakuwa mwembamba na una nafasi. Na kila mzizi walikuwa wanaukata sehemu mbili, kipande cha katikati wanakitoa kabisa. Ukikata sehemu moja tu ule mzizi unabana pale pale na shimo linabaki dogo vile vile.

Halafu kuna hili la kuosha, hapa nilisimama muda mrefu naangalia. Kijana mmoja kazi yake ilikuwa ndoo ya maji na brashi ya kufulia, ile ya plastiki ya kawaida tu, anasugua mzizi mpaka unang'aa kabla mwenzake hajagusa na shoka. Ukimwangalia unaweza kudhani anapoteza muda. Kumbe mchanga ndo unaua makali, mzizi wenye udongo unapiga shoka mara chache tu linakuwa butu, na cheni ya chensoo ndo usiseme, ikigusa mchanga tu meno yanaisha na mtu anakaa chini na tupa kunoa wakati we unahesabu muda. Kule chini kabisa chensoo hawakuitumia, ilifanya kazi juu tu. Mbao ya mjohoro ndani ni nyeusi yenye mistari ya njano, nzuri mno, ila vumbi lake linawasha macho na pua. Wao walijifunga mashati usoni. Mi niliyekuwa nashangaa kwa karibu nilipiga chafya mpaka nikaingia ndani, hivyo watoto waondoeni kabisa.

Mizizi ya pembeni ilipoisha kisiki kilikuwa bado hakitikisiki. Hapo ndo wakasimamisha nguzo tatu wakazifunga juu, kila mguu wakauwekea kipande cha ubao usizame, wakaning'iniza cheni bloku, ile ile ya gereji ya kunyanyulia injini. Wakazungusha mnyororo kwenye vishina vya mizizi vilivyobaki, wakaanza kuvuta taratibu, wanavuta wanasimama, wanavuta wanasimama. Lengo sio kukinyofoa kwa nguvu, ni kukikaza ili mzizi mkuu ujulikane upo wapi. Udongo ukafunguka upande mmoja, kijana akaingia shimoni akalala ubavu na kishoka cha mpini mfupi akawa anaukata kwa chini. Kila cheni ilipotaka kukazwa kiongozi anamtoa kwanza na sisi wote anatusogeza nyuma, alisema mnyororo ukikatika hauchagui mtu. Hilo nililipenda sana. Mzizi ulipokubali ulitoa mlio mmoja mzito, jirani akatoka na kijiko cha pilau mkononi kuuliza kama ukuta wake upo salama. Ulikuwa upo salama, na bomba halikuguswa.

Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza wenyewe, ngoja niseme.

Kwanza muda. Saa moja yao ni saa tatu, na hawapigi simu, unapiga we unaambiwa "tupo njiani mama" wakati unasikia kabisa mtu anaagiza supu. Pili bei kubadilika katikati. Tulianza laki mbili na nusu nikawashusha mpaka laki na themanini, tukakubaliana vizuri, walipofika kwenye mzizi mkuu wakasimama wakaanza "mama huku chini kuna kazi nyingine, tuongeze kidogo". Yaani mjohoro usiokuwa na mzizi mkuu wameuona wapi? Nilichomoa daftari, tulikuwa tumeandikishana "mpaka kitoke na shimo kufukiwa", wakacheka wakarudi kazini. Hivyo andikishaneni, hata kwenye meseji, na msilipe zaidi ya nusu kabla kisiki hakijalala juu.

Tatu, na hii ndo iliyoniudhi hasa, ni ufukiaji. Shimo lilikuwa la kumficha mtu mzima akichuchumaa, wao wakasukumia udongo wote mara moja pamoja na vipande vya mizizi na maranda, wakakanyaga kanyaga juu na miguu wakasema tayari. Hiyo ni kufukia kisiki kingine upya! Niliwarudisha. Mizizi yote nje, maranda nje, kifusi kinaingia kidogo kidogo, unamwaga maji, unashindilia, ndo unaongeza kingine. Walifanya, tena vizuri, ila bila mi kusimama pale wasingefanya, kwa hiyo siku yao ya kufukia usiende sokoni. Udongo ulipungua pia, jiandae kununua kifusi kidogo cha kujazia.

Na viatu. Watu wanarusha shoka wamevaa makatambuga, mmoja alikuwa na kandambili kabisa. Nilimpa buti za shamba za mume wangu, zikambana akazivua. Sijui kama ni kosa lao au ni hela hamna, lakini roho ilikuwa juu juu mchana mzima.

Kazi ilienda siku nzima na asubuhi ya pili yake, chakula cha mchana ni juu yako, wali maharage wanashukuru vizuri tu. Kwenye bei hakuna kubeba kisiki, hilo waulizeni mapema maana ukishaona kile kitu kimelala uani ndo utajua hakibebeki, mi nilikuwa nishaanza kutafuta kirikuu cha kukipeleka. Bahati fundi seremala wa barabarani kwetu alipita akaona ule weusi wa ndani, akakiomba akitengenezee meza na vigoda, akaja na guta na vijana wake akakibeba bure. Kama ni mjohoro au mti wowote wenye mbao nzuri msikatekate hovyo kabla hamjauliza maseremala wa karibu, pengine hata mngelipwa.

Kwa wa Kigamboni na kwingine kwenye mchanga mtupu, kuchimba kwenu ni kwepesi ila nguzo za cheni zinazama, waambieni waje na mbao pana za kuweka chini. Masika ni rahisi kuchimba lakini shimo linajaa maji na kijana hawezi kulala ndani, kwa hiyo mvua zikishakata tu na ardhi bado ina unyevu ndo wakati wenyewe.

Namba zao siweki hapa, sijawaomba ruhusa. Ukifika Njia Nne muulize bodaboda yeyote wenye chensoo wanakaa wapi, ila nenda kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo washachukuliwa na watu wa Madale na Mbezi na utabaki unaongea na yule wa kunoa cheni tu, ambaye bei anazotaja hazina mamlaka yoyote.