Soka safi, kikapu bado: matangazo mbashara ya michezo ya chuo redioni Moshi

Redio moja ya FM hapa Moshi hurusha mbashara mechi za timu za chuo kikuu, soka na mpira wa kikapu. Kwa soka, isikilizeni bila wasiwasi. Kwa kikapu, kazi ni kubwa bado, na inauma kwa sababu wachezaji wanastahili matangazo bora zaidi.

Kwenye soka mtangazaji hufungua kila kipindi kwa kueleza nani anashambulia lango la upande wa mlima na nani la upande wa mjini. Msikilizaji akishapata picha hiyo, "kona, kulia, upande wa mlima" inamtosha kabisa. Matokeo na dakika hutajwa mara kwa mara, hivyo aliyechelewa kuwasha redio hapotei. Maiki ya kichwani iko karibu na mdomo, imevishwa sponji ya kuzuia upepo, na maiki ya pili inaelekezwa kwa mashabiki kwa sauti ya chini. Bao likiingia, uwanja unasikika bila kummeza mtangazaji.

Siku ya kikapu mtangazaji ni yuleyule, na pumzi yake ni ileile ya soka. Hapo ndipo anapokwama. Timu ina sekunde 24 tu za kurusha mpira kikapuni. Akianza kumsifia pointi gadi, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, kwa sentensi ndefu, wapinzani wameshafunga upande wa pili. Sentensi ya kikapu iwe fupi: nani ana mpira, yuko wapi, amerusha, umeingia au la, matokeo. Na matokeo yatajwe kila kikapu kinapofungwa, timu ya chuo kwanza daima, pamoja na muda uliobaki kwenye robo, yaani moja ya sehemu nne za mchezo. Sifa na historia ya mchezaji zisubiri mitupo huru, ile ya adhabu inayorushwa bila kuzuiwa.

Faulo nazo zinampotea. Kuanzia faulo ya tano ya timu ndani ya robo, mchezaji wa wapinzani aliyechezewa vibaya hupata mitupo miwili hata kama hakuwa anarusha. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka. Msikilizaji asipojua hesabu hiyo, haelewi kwa nini kocha amemkalisha nyota wake benchi. Dawa ni karani mmoja karibu na meza ya waamuzi, mwenye karatasi ya namba za jezi na safu ya faulo.

Sauti ya kikapu hupitia simu ya kawaida. Simu hukata sauti za juu, kwa hiyo s na f hufanana, na mfumo wake wa kupunguza kelele huwakata mashabiki vipandevipande. Afadhali maiki, mikisa ndogo ya kuchanganya sauti, na programu ya kutuma sauti kwa intaneti. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima hula takriban megabaiti 29, kwa hiyo bando si kisingizio. Tatizo ni mtandao kuelemewa uwanja ukijaa. Wabebe laini za kampuni mbili tofauti. Sauti anayorudishiwa mtangazaji kutoka studio isiwe na sauti yake mwenyewe, la sivyo mwangwi unamchanganya. Na laini ikikatika, aliyeko studio ataje matokeo ya mwisho kabla ya kuweka wimbo.

Kwa wasikilizaji: matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya FM, hivyo bao litafika kwenye kundi la WhatsApp kabla halijafika masikioni mwenu. Anayeipata FM asikilize FM. Ikikwaruza, hasa kwenye mabonde ya huko milimani, nyoosha antena na uiweke redio kwenye mono (sauti ya njia moja badala ya stereo), mkwaruzo utapungua.

Matangazo ya biashara nayo yapangwe upya. Kwenye soka yanasomwa mpira ukitoka, sawa. Kwenye kikapu yanasomwa mchezo ukiendelea, na vikapu viwili vinapita hivihivi. Taimu auti ni dakika nzima, mapumziko kati ya robo ni dakika mbili, na ya katikati ni 15. Nafasi ya wadhamini wote ipo hapo.