Uzoefu wangu: dawa ya bluu ya kupuliza kwa bata aliyeng'atwa na kicheche

Kwa mwenye haraka, dawa ya bluu ya kupuliza, ile ya kopo inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, ninaipa nyota nne kati ya tano. Kazi yake inaifanya vizuri. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya namna inavyouzwa. Ukisema tu kwamba bata ameng'atwa, muuzaji anakukabidhi kopo na kukuambia upulize asubuhi na jioni, basi. Kwa mchubuko ni sawa. Kwa jeraha la meno, bata anaweza kufa huku kidonda kwa juu kinaonekana kimekauka kabisa.

Bata wangu ni jike, bata wetu hawa hawa wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni. Anaitwa Zawadi. Aliatamiwa na kuku na amekulia mikononi mwa wanangu hapa Kibaha, na hayupo nyumbani kwa ajili ya kitoweo. Kicheche alipenya bandani usiku akamkamata mgongoni, karibu na shina la bawa. Kuku ndio waliotuamsha kwa kelele, maana bata jike wa aina hii ana kasauti kembamba tu hata akiwa kwenye hatari.

Usiku ule dawa haikuguswa. Nilimweka kwenye boksi lenye taulo, chumba chenye giza, mbali na watoto na redio, kwa sababu ndege aliyejeruhiwa anaweza kufa kwa mshtuko kabla kidonda chenyewe hakijaleta shida. Joto la mwili wa bata ni nyuzi 41 hadi 42, hivyo akishapoteza damu anapoa upesi hata kwenye hali ya hewa yetu ya Pwani. Chupa ya maji ya moto niliifunga kanga nikailaza upande mmoja wa boksi, ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Maji ya kunywa niliyaweka mbele yake, sikummiminia mdomoni. Tundu lake la hewa liko nyuma ya ulimi, na maji ya kulazimishwa huishia mapafuni.

Asubuhi, kwenye mwanga, nilikuta vitobo viwili vya milimita chache tu, damu imeganda, manyoya yamelala juu yake. Mpita njia angesema si kitu. Lakini nilipoyapunguza manyoya kwa mkasi, ngozi pembeni ya kitobo kimoja ilikuwa imevimba, na nikiibonyeza polepole nilihisi vipovu vikihama chini ya kidole. Hiyo ni hewa. Ndege ana vifuko vya hewa vilivyosambaa kifuani na tumboni, vinaingia hadi ndani ya mfupa wa juu wa bawa, na jino likivifikia hewa inavujia chini ya ngozi. Kidonda cha sehemu hiyo hakisukumiwi maji kwa bomba la sindano, kwani maji yakipata njia unaweza kumzamisha bata akiwa nchi kavu.

Nikampigia daktari wa mifugo, akaja na bodaboda. Hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi kubwa kuliko kopo lolote. Alisafisha kwa pamba iliyolowekwa maji ya dripu ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, akifuta kutoka kwenye kitobo kwenda nje. Kisha akatumia povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda, iliyozimuliwa mpaka ikafanana na chai ya rangi iliyo nyepesi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi alizikataa kwa sababu zinaunguza nyama nzima inayotakiwa kuponya kidonda. Manyoya machache yaliyoziba kitobo aliyang'oa, akanieleza kwamba unyoya uliong'olewa huota tena ndani ya wiki chache, lakini uliokatwa hubaki kigutu mpaka bata atakapobadilisha manyoya. Hakushona. Jeraha la meno likifungwa, uchafu unafungiwa ndani.

Halafu akaandika dawa ya kunywesha ya kuua bakteria, kwa kipimo cha uzito wake, pamoja na meloksikamu ya maumivu. Midomoni mwa paka, mbwa na wanyama wala nyama wengine kuna bakteria waitwao Pasteurella, na jamii hiyo hiyo ndiyo inayoleta kipindupindu cha kuku. Jino linawapeleka chini kabisa, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki, na wakiingia kwenye damu ndege anaweza kuondoka ndani ya siku moja au mbili. Hivyo usisubiri uone usaha. Na tafadhali, usimpe ile dawa ya maumivu ya diklofenaki iliyobaki kabatini. Dawa hiyo kwa ng'ombe ndiyo iliyoangamiza tumbusi wa India waliokula mizoga yao, mpaka serikali ya huko ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Sasa kopo lenyewe. Ndani kuna antibaotiki ya oksitetrasaiklini na rangi ya bluu. Ninachokipenda ni kwamba inakauka haraka na haina mafuta. Marhamu za mafuta zinagandisha manyoya, na bata aliyegandishwa manyoya anapenywa na maji na kuloa hadi ngozini. Rangi yake inaficha wekundu, ambao kuku wakiuona hawaachi kuudonoa. Pia inakausha pembeni ya kidonda, na katika joto letu kidonda kibichi kikiachwa wazi nzi wanataga, kesho yake una funza.

Kero zipo. Mlio wake unamtisha ndege kweli kweli, kwa hiyo mimi nilipulizia kwenye pamba kwanza, nikapaka pembeni ya vitobo, si ndani yake. Kwa njia hiyo hata macho na pua vinakuwa salama. Rangi haitoki kwenye nguo wala sakafu. Gesi ya kopo inashika moto, usipulize karibu na jiko la mkaa. Kubwa zaidi, bluu inaficha ngozi. Huwezi kuona kama wekundu unapanuka, hivyo kila asubuhi nilifuta, nikanusa, nikabonyeza pembeni, ndipo nikapaka upya.

Kuogelea nilimzuia mpaka vitobo vikafunga, ila beseni lake la kunywea lilikuwa na kina cha kutosha kuzamisha pua, maana bata asiposafisha pua anapata shida nyingine. Mayai ya kipindi chote cha dawa, na ya muda ambao daktari aliutaja baada ya hapo, tuliyafukia.

Jirani alinishauri nimchinje mapema nisije nikapata hasara mara mbili. Ni kweli malipo ya daktari yalizidi bei ya bata sokoni, na kopo peke yake lingenigharimu chini ya kuku mmoja wa kienyeji. Nililipa kwa moyo mweupe. Zawadi anatembea, anakula, na bawa analikunjua lote.

Ukitafuta daktari, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa sababu wanaojiita madaktari wa mifugo mitaani ni wengi. Ukimshika bata aliyetoka kung'atwa, vaa glavu. Na kama mnyama mwenyewe amekukwaruza au kukung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Kopo jipya nimeshanunua, linakaa kabatini. Ukinunua lako, soma kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, na kataa lililokuwa limepangwa juani kwenye kibaraza cha duka.