TAHADHARI: Duka la vifurushi Houston limenigongea muhuri wa notari ambaye sijawahi kumwona

Wabongo na Waswahili wote mlioko Houston, Katy, Sugar Land na vitongoji vyake, kama una karatasi ya kugongewa muhuri ili iende nyumbani, soma hii kwanza. Mimi nimeshaingizwa mjini, tena mchana kweupe, tena na mtu anayeongea Kiswahili kizuri kuliko changu.

Duka lenyewe ni haya ya kutuma vifurushi, yenye visanduku vya barua ukutani, maboksi na mashine ya fotokopi. Jina silitaji, sina hela ya kesi. Dirishani pana karatasi ya Kiswahili: wanagonga mihuri, wanatengeneza hati za kwenda Afrika, wanajaza fomu za uhamiaji. Mtu ukiona lugha yako ugenini moyo unalainika. Ndipo wanapokupatia.

Mwezi wa kumi kaka yangu mkubwa alipata mteja wa kiwanja cha marehemu baba, Bunju. Watoto tuko wanne, na mimi niliye mbali nilitakiwa kutuma hati ya uwakili ili kaka asaini kwa niaba yangu. Wakili aliiandaa Dar, akanitumia kwa barua pepe, akaniambia saini mbele ya notari huko huko uliko. Nikaenda pale dukani Ijumaa tarehe 11, baada ya zamu, bado nimevaa skrabu, zile nguo za kazi za hospitali.

Kijana wa kaunta akanipokea vizuri. "Karibu dada, hiyo tu? Hiyo ndogo." Akaniprintia, akanionyesha pa kusaini, nikasaini. Nikamuuliza, notari ni wewe? "Hapana dada, notari wetu ametoka kidogo. Wewe acha tu hapa, kesho unakuta tayari." Akatoa kopi ya leseni yangu ya udereva, akaibana kwa klipu juu ya hati, nikaondoka. Ningejua, ningeichukua karatasi yangu hapo hapo.

Risiti ninayo mpaka leo: notari dola 60, apostili (cheti cha kuthibitisha muhuri ili hati ikubalike nchi nyingine) dola 175, huduma ya haraka dola 25. Jumla 260. Kesho yake nikakuta hati imegongwa muhuri, na nyuma yake imebanwa karatasi nene yenye stika ya rangi ya dhahabu na utepe mwekundu. Nzuri kama cheti cha ubatizo. Nikailipia tena dola 90 na kitu, ikapanda ndege.

Siku tano baadaye wakili akapiga simu, kwangu ilikuwa alfajiri. "Dada, wewe ulisaini tarehe ngapi?" Nikamwambia 11. "Notari anasema ulisaini mbele yake tarehe 12. Halafu usome muhuri wake, kibali kimeisha Juni mwaka jana." Kaka alikuwa amekaa pembeni yake, nilimsikia akiguna. Yule mteja alikuwa ameshatoa advansi.

Nikaanza kuuliza watu, kusoma sheria za Texas, na kumsumbua shemeji yangu ambaye ni karani wa mahakama. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwetu Tanzania, notari ni wakili. Kenya vilevile. Kwa hiyo ukisikia neno hilo unajua unaenda kwa mtu wa sheria. Hapa Marekani si hivyo kabisa. Notari wa hapa ni mtu wa kawaida aliyepewa kibali na jimbo, Texas kibali ni cha miaka minne, na kazi yake ni ndogo: kukuangalia usoni, kuangalia kitambulisho chako, kuhakikisha unasaini kwa hiari au kukuapisha, kisha kuandika kwamba hayo yamefanyika mbele yake. Basi. Anaweza kuwa muuza stempu. Uhalali wote wa hati yako unasimama juu ya hayo maneno mawili, *mbele yake*. Kama hukuwa mbele yake, kilichoandikwa pale ni uongo wenye muhuri. Kuna njia ya mtandaoni, ya video, ambayo Texas inaruhusu tangu 2018, lakini hata huko ni lazima mwonane kwenye skrini. Hakuna njia ya "acha karatasi uje kesho". Hakuna.

Bei nayo imewekwa na sheria. Texas, tangu Septemba 2023, notari haruhusiwi kuzidisha dola 10 kwa saini ya kwanza na dola 1 kwa kila saini inayoongezeka kwenye hati hiyo. Mimi nilisaini mara moja, nikalipa 60. Majimbo mengi yana viwango vyake: New York ni dola 2, Minnesota dola 5, California dola 15. Duka linaweza kukutoza karatasi na kuprinti, sawa, lakini mstari ulioandikwa "notari" usizidi hapo.

Sasa ile apostili. Hii ndiyo imeniuma kuliko yote, maana 175 ni hela. Apostili haitolewi na duka, wala na notari. Kwa hati iliyogongwa muhuri Texas, inatoka kwa Katibu wa Jimbo, Austin, na ada yake ni dola 15. Ile stika yangu ya dhahabu inauzwa madukani pamoja na kadi za harusi. Na si kila nchi inatumia apostili. Rwanda inaitambua tangu Juni 2024, Burundi tangu 2015. Wakili wangu yeye, badala ya apostili, alitaka mlolongo mrefu wa mihuri: Katibu wa Jimbo Austin, kisha Wizara ya Mambo ya Nje kule Washington, dola 20 kwa hati, kisha ubalozi wetu. Yule kijana hakuniuliza hata hati inaenda nchi gani. Muulize mtu atakayeipokea kule nyumbani anataka ipite wapi, usimuulize anayekuuzia boksi.

Kuna jambo jingine nililiona pale nikalipuuza. Siku nafuata hati, mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, ana bahasha ya kaki, anajaziwa fomu za uhamiaji na kijana yule yule. Nilimsikia akiambiwa dola 400. Jamani, mambo ya uhamiaji hapa ni ya wakili mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Notari hana ruhusa hata ya kukushauri ujaze fomu ipi. Na Texas notari asiye wakili akijitangaza kwa lugha isiyo Kiingereza, sheria inamlazimisha aandike kwenye tangazo hilo hilo, kwa lugha zote mbili, kwamba yeye si wakili na haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Nenda katazame lile dirisha. Hayo maneno hayapo.

Hati ya pili niligongewa benki yangu, bure, kwa kuwa nina akaunti. Mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alinizuia nisisaini mpaka aone leseni, akailinganisha na sura yangu mpaka nikaona aibu. Akaniuliza kama naielewa hati na kama kuna mtu ananilazimisha. Akafungua daftari lake, akaandika, kisha akanigeuzia nisaini na humo. Nilipomuuliza anadhani wakili wangu anataka kiapo (niape kwamba yaliyoandikwa ni kweli) au kukiri saini tu (nikubali kwamba saini ni yangu), akakataa kunichagulia. "Muulize wakili wako." Ikabidi nimpigie wakili, Dar ilikuwa saa nne usiku, akapokea. Wakati huo nilikasirika. Sasa namwelewa.

Sisemi kila duka la vifurushi ni la wezi. Rafiki yangu wa Katy anatumia moja karibu na kwake, notari yupo, ana daftari, anachukua dola 10 zake. Ila ukiingia popote, uliza kwanza notari ni nani na yuko wapi. Asipokuwepo, beba karatasi zako. Akigonga, usome muhuri hapo hapo kabla hujalipa: uwe na jina lake, nyota ya ncha tano, namba yake na tarehe ya kuisha kibali. Jina hilo unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo kwa simu yako ukiwa umesimama kwenye foleni. Mimi nililitafuta nikiwa nimeshapigwa. Na cheti cha kuzaliwa usimpe notari akuthibitishie kopi, Texas hana mamlaka hayo. Kinaagizwa kwa waliokitoa.

Nilirudi dukani kudai hela. Kijana hayupo, "amesafiri". Mwenye duka akanirudishia 25 za huduma ya haraka, hizo nyingine akasema kazi ilishafanyika. Nimepeleka malalamiko kwa Katibu wa Jimbo, nimeambatanisha risiti na picha ya muhuri. Pale ndipo wanapolalamikiwa manotari wa Texas, na kibali kinaweza kufutwa. Mteja wa kiwanja alivumilia wiki tano, akapunguza bei, kaka akakubali. Jana nimepita pale nikienda kazini. Karatasi bado ipo dirishani.