Michezo mizuri, programu ya kuchosha: siku yetu kwenye bustani ya burudani Nairobi

Likizo ya Agosti niliwapeleka wanangu wawili, wa miaka sita na tisa, kwenye bustani moja ya michezo hapa Nairobi. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Machakos, tukaenda naye. Jina la bustani naliacha. Ninachotaka mzazi mwenzangu ajue ni jinsi programu yao ya simu inavyoimeza siku nzima.

Dirisha la tiketi halipo. Unafungua akaunti, unasubiri nambari ya kuthibitisha, unasajili kila mgeni kwa jina, umri na picha, unachagua saa ya kuingia, halafu unapanga saa ya kila mchezo. Nilianza saa mbili usiku watoto walipolala, nikamaliza saa tano. Picha ya mama ilikataliwa mara nne kwa ajili ya kilemba chake. "Mwanangu, kwani tunaenda ng'ambo?" akaniuliza.

Nikaweka shilingi 4,000 kwa M-Pesa. Ujumbe uliingia papo hapo, lakini salio kwenye programu likabaki sufuri hadi asubuhi. Mlangoni kijana akaniambia, "Mama, mfumo hauonyeshi kama umelipa." Nilimwonyesha ujumbe, lakini hakuwa na ruhusa ya kuukubali. Tulisimama juani dakika arobaini mpaka salio likajitokeza lenyewe.

Kilichoniuma kilikuwa ndani. Nafasi yetu ya treni ilikuwa saa nne na nusu, nasi tulifika saa tano kasoro dakika kumi. Treni imesimama, foleni hakuna. Watoto wakagusisha kwenye mashine bangili za kielektroniki ambazo kila mgeni huvaa, taa ikawa nyekundu: muda umepita, nafasi nyingine ni saa tisa. Mdogo akavihesabu viti vitupu. "Mama, viko kumi na moja." Mhudumu aliinamisha kichwa tu. Alituonea huruma, nilimwona, lakini hakupewa uwezo wa kumpandisha mtoto kwenye kiti kitupu.

Saa sita mama alitaka chai. Alikuwa na noti ya 500 mkononi. Kibanda hakipokei noti, na bangili yake ilihitaji idhini kutoka simu yangu, ambayo betri ilikuwa imezima kwa kufungua programu kila dakika. Simu yake ni mulika mwizi. Alikaa bila chai mpaka nilipopata mahali pa kuchaji. Mtu wa miaka sabini na moja, na pesa zake mwenyewe.

Najua mtindo huu ulikotoka. Walt Disney World kule Florida ilianza mwaka 1999 na karatasi za bure za FastPass zilizokuonyesha saa ya kurudi kwenye mchezo bila kupanga foleni ndefu. Baadaye zikaja bangili, na mwaka 2021 huduma ya kulipia ya Genie+, ambayo mgeni aliamka mapema kuanza kuipangia saa moja asubuhi, kabla bustani haijafunguliwa. Hata hivyo pale wana bustani kuu nne na umati usiokwisha wa kugawanya. Hapa kwetu michezo haifiki ishirini, na Jumanne ile nusu yake ilikuwa haina watu. Foleni ya kawaida ingetosha kabisa.

Wala si kwamba tunaogopa teknolojia. Tangu 2007 Nairobi inalipa kwa simu, leo hadi sukuma wiki, na mama yangu hutuma pesa bila kumuuliza mtu. M-Pesa inamtaka nambari, kiasi na namba ya siri, na inakubali kwenye hiyo hiyo mulika mwizi yake.

Michezo yenyewe ni mizuri, nakiri. Mikanda ni imara, vyoo ni safi, wahudumu wana adabu. Bangili ina namba ya mzazi, na mkubwa wangu alipopotea karibu na bembea, aliletwa kwangu kabla hajaanza kulia. Hiyo wasiiondoe.

Bado kuna shilingi 640 kwenye bangili. Ili nirudishiwe ni lazima nijaze fomu ndani ya programu na kupakia tena picha ya kila mgeni. Mama amesharudi Machakos.

Nawapa nyota mbili. Wakiweka dirisha moja la tiketi, na mhudumu wa treni akaruhusiwa kujaza viti vilivyo wazi, nitawarudisha watoto Desemba.