TAHADHARI: Huyo "wa kamati" anayeuza pasi za matamasha ya likizo ni tapeli

Msimtumie hata shilingi. Yule anayejiita wa kamati ya burudani, mwenye picha ya jukwaa kwenye WhatsApp yake, hana kamati wala pasi, na pesa ikishaingia kwake ndiyo basi. Amewaliza watu wetu hapa Kampala tangu tamasha moja la likizo liliposogezwa kwa mvua, na wengi wamenyamaza kwa aibu. Aibu iwe yake, mwizi mkubwa.

Anaanza na mvua, maana hapo ndipo uongo wake unapopata miguu. Juni hadi Agosti Kampala mvua hupungua, ndiyo sababu matamasha ya wazi hupangwa likizo ndefu, lakini wingu la alasiri halina adabu. Upepo ukiinuka mafundi wanashusha paa la jukwaa, spika zinafunikwa turubai, umeme unazimwa na tarehe inasogezwa. Hapo wanakuwepo wenye pasi halali wasioweza kurudi: huyu yuko Mbarara, yule Arua, mwingine keshavuka Busia. Hao huuza pasi zao kihalali kabisa. Tapeli anajipenyeza katikati yao: "Nina pasi tano za msimu mzima, wenyewe wamesafiri." Langoni ni 80,000, yeye anataka 55,000. Angesema 20,000 mngemshtukia. 55,000 ni bei ya mtu anayeokoa hasara.

Halafu anaongea Kiswahili, na hicho ndicho kilichowamaliza watu. Baraza la mawaziri lilikipitisha kiwe lugha rasmi Julai 2022, lakini Kampala hii ya Kiluganda na Kiingereza, ukikisikia barabarani bado unafikiri ni askari. Sasa mtu anakutumia sauti laini, "ndugu yangu, sisi wa huku tusaidiane jamani," na anajua lango hufunguliwa saa kumi, anajua chupa za kioo haziingii, anajua kitambulisho cha mwanafunzi kinapunguza bei. Video ya bangili za kuingilia nayo alituma, anazipitisha vidoleni mojamoja. Nani asingeamini? Wanaowacheka waliolizwa wajiulize hilo kwanza.

Unapiga *165# ya kutuma pesa kwa MTN, unaweka namba yake, na kabla ya PIN linatokea jina. La mwanamke. Unamuuliza, jibu linakuja papo hapo: "Laini ya dada, yangu imefika kikomo cha leo. Ongeza na ya kutolea." Unaongeza, kwa kuwa kila mtu hapa anajua kutoa pesa kuna ada ya kampuni na juu yake asilimia 0.5 ya serikali. Unatuma. Dakika mbili baadaye: "Haijaingia, mtandao unasumbua, tuma tena, ile ya kwanza nitakurudishia." Wapo waliotuma tena. Kisha picha ya pasi inafika, safi, ina msimbo wa QR na tarehe zote za msimu, na moyo unatulia.

Langoni sasa. Kijana anaelekeza simu kwenye msimbo, skrini inageuka nyekundu: IMESHATUMIKA, 16:42. Anafuta kioo cha simu yako kwa shati lake, anaskani tena. 16:42. Foleni inakusukuma mgongoni, mlinzi anakuambia "sogea kando, ssebo," na marafiki zako wameshapita. Kinachouma zaidi, pasi yenyewe ni ya kweli. Alinunua moja, akaipiga skrinshoti, akamuuzia kila aliyeomba. Mfumo unaukubali msimbo mara moja tu kwa kila tamasha, kwa hiyo anayewahi ndiye anayeingia. Waliobaki wanasikiliza besi nje ya ukuta.

Bangili zake ni hadithi ile ile. Ya kweli ni ya kitambaa, ina kishikizo cha plastiki chenye meno ndani, kinachoteleza upande mmoja tu, ukishakaza huvui bila mkasi. Zake zimeshavaliwa zikavuliwa kwa nguvu: nyuzi za ukingoni zimefumuka na meno yamelika. Mlinzi anavuta kwa vidole viwili, kishikizo kikirudi nyuma, umetoka.

Mtu huyu afungwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inautaja ulaghai wa kielektroniki, na kifungo chake si cha wiki mbili. Msije mkaniambia habari za kumsamehe akirudisha nusu. Arudishe yote, na pingu juu.

Dalili? Jina lisilo lake. Haraka. Namba ya mtu binafsi badala ya msimbo wa malipo wenye jina la waandaaji. Ujumbe wa WhatsApp uliowekwa ujifute wenyewe. Na akikuletea ombi la malipo kwenye simu eti uweke PIN ili urudishiwe pesa, kata: kupokea hakuhitaji PIN, kamwe. Ukitaka pasi ya mtu aliyesafiri, mkutane langoni, iskaniwe, uingie, ndipo ulipe. Akikataa, umeshapata jibu.

Aliyetuma leo asisubiri kesho. Piga 100, huduma kwa wateja ya MTN, papo hapo, uwe na namba ya muamala mkononi, uombe pesa izuiwe. Kampuni inaweza kushika kilichobaki kwenye akaunti yake tu, na yeye hukimbilia kwa wakala dakika hiyo hiyo. Usimtukane kwanza! Ukimtukana anafuta sauti alizokutumia, kisha anakublock. Piga skrinshoti za mazungumzo yote, hifadhi sauti, ndipo umwage hasira. Polisi mwambie aliye mezani aandike kwenye kitabu cha kituo na akupe namba ya SD (Station Diary, yaani kitabu hicho). Bila hiyo faili halisogei, na mwenye laini hatajulikana mpaka polisi waiandikie kampuni rasmi.

Wenye namba ya SD tayari, zileteni pamoja na skrinshoti kabla ya Ijumaa, tuziwasilishe kwa afisa mmoja. Malalamiko ya 55,000 moja moja yanalala kwenye droo. Na huyo mjinga bado yuko hewani: asubuhi ya leo amebadilisha picha, sasa kaweka bango la tamasha la mwisho.